S. Munir Alishinda

Jumatatu, 8 Desemba

Naanza daftari hili kwa sababu tangu Ijumaa jioni nilipotoka kazini hadi leo asubuhi nilipoingia, hakuna mtu aliyeniita kwa jina. Jumamosi niliongea na muuza mkaa. Jumapili niliitikia sala kanisani pamoja na wengine. Hayo siyahesabu.

Jina langu ni Meshack. Ni karani katika chama cha tenisi. Ofisi yetu iko Area D, vyumba viwili juu ya duka la dawa, na tupo watatu. Katibu ni Bwana Silvano, ambaye hapendi mlango ufungwe kwa kishindo. Mhasibu ni dada Anna. Mimi nipo kwenye kipindi cha majaribio hadi mwisho wa Machi. Hapo nitathibitishwa au nitaondoka. Nina shahada ya lugha, Kiswahili na Kiingereza, na ninaiogopa simu ya mezani.

Nimepanga chumba Msalato. Mvua haijaanza. Vumbi linapita chini ya mlango mchana kutwa, nikirudi nakuta nyayo zangu za asubuhi zimefutika sakafuni.

Alhamisi, 11 Desemba

Joto. Dada Anna amesema mbele ya mgeni kwamba naishika stepla kama ninayeiomba ruhusa. Mgeni alicheka sana.

Jumatatu, 15 Desemba

Leo nimepewa kazi ya kwanza yenye maana.

Kombe la Jozi ni mashindano ya kimataifa ya tenisi ya mchanganyiko. Kila nchi hupeleka mwanamke mmoja na mwanamume mmoja. Nchi mbili zikikutana huchezwa mechi tatu: wanawake peke yao, wanaume peke yao, halafu wote wanne pamoja. Kombe lilikufa zamani, sasa linafufuliwa, na waandaaji wanataka kila nchi iliyowahi kushiriki itume rekodi yake kwa Kiingereza, pamoja na maelezo mafupi ya ushindi wake wa kwanza.

"Wetu wa kwanza ndio wa mwisho," alisema Bwana Silvano. "Usiandike hivyo."

Tulishiriki mara tatu, miaka ya tisini. Mechi ishirini na saba, ushindi mmoja. Habari zote zimo katika ripoti za marehemu Mzee Shaaban, aliyekuwa kiongozi wa msafara, mtu asiyepoteza maneno. Kuhusu siku ile ya mwaka 1996, Windhoek, dhidi ya Botswana, anasema hivi: "S. Munir alishinda mchezo wa kwanza, 6-4, 7-5, akicheza kwa utulivu mkubwa. S. Munir akashindwa wa pili. Mchanganyiko tukapoteza. Joto kali."

Wachezaji walikuwa ndugu wa hapahapa Dodoma, Seleman Munir na dada yake Sikudhani. Nimeshinda na mistari hiyo hadi jioni nikitafuta namna ya kuipendezesha kwa Kiingereza bila kudanganya.

Jumatano, 17 Desemba

Nimetuma. Nimemwandika Mr. Seleman Munir na utulivu wake, na nikaongeza sentensi moja juu ya "his quiet courage". Bwana Silvano alisoma hadi mwisho, akasema, "Hiki sasa ndicho Kiingereza." Jioni nilishuka kwenye gari kituo kimoja kabla ya changu ili nitembee na furaha yangu. Sikuwa na wa kumpelekea.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi, nyumbani Kibaigwa. Bado hakuna mvua. Sokoni madalali wamelala juu ya magunia matupu. Mama aliuliza kama ofisini wananipenda. Nilisema ndiyo.

Alhamisi, 8 Januari

Mvua imekuja, kubwa, saa nane mchana, na watu wa duka la dawa wakatoka nje kuitazama kama harusi inayopita.

Bwana Silvano alituita. Viwanja vyetu viwili vipya vitafunguliwa Jumamosi ya tarehe 28 Machi. Kimoja kitapewa jina la mtu pekee aliyewahi kuipatia timu ya taifa ushindi katika Kombe la Jozi. Alimpigia simu Mzee Seleman Munir papo hapo, sauti ikiwa juu ili nasi tusikie. Mzee Seleman siku hizi ni mfanyabiashara wa matairi.

"Mimi?" alisema ile sauti. Kisha kimya, hata nikadhani mtandao umekata. Kisha, "Basi sawa."

Kabla ya kuaga aliahidi kutoa uzio wa waya kuzunguka viwanja vyote viwili. Bwana Silvano alipoweka simu chini alikaa akiitazama. Aliniambia, "Kijana, sentensi zako zimetuletea uzio." Nilisema asante kwa mvua iliyokuwa inapiga bati.

Jumatano, 14 Januari

Mzee Seleman amekuja ofisini. Mnene, mcheshi, kanzu nyeupe, kiroba cha tende begani kama kijana wa sokoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyeniandika?"

"Ndiyo mzee."

"Umeniandika vizuri mno. Nimesoma nikasema, huyu bwana ningependa kuonana naye."

Dada Anna alicheka hadi akashika meza. Nilimwomba anisimulie ile mechi, niongeze kwenye kijitabu cha uzinduzi.

"Joto," alisema. "Kulikuwa na joto, kijana wangu." Nilingoja na kalamu mkononi. "Tulilala hosteli. Mkate wa juzi." Akatazama saa yake, akakumbuka kwamba ana mzigo unashushwa.

Nimeandika: joto, hosteli, mkate.

Alhamisi, 22 Januari

Mvua imekata tangu wiki iliyopita. Mama anasema mahindi yamefika magotini na majani yanajikunja.

Jumanne, 3 Februari

Jua. Katibu anataka picha ya Sikudhani pia, dada wa Mzee Seleman, ijaze ukurasa wa nne wa kijitabu. Dada huyo ana duka la vifaa vya kushonea Barabara ya Sita. Nimefanyia mazoezi chumbani jinsi nitakavyoanza kuongea.

Alhamisi, 5 Februari

Nitaandika yote kama yalivyokuwa, kwa sababu nikiacha hadi kesho nitaanza kujitetea.

Duka lake ni jembamba, limejaa zipu hadi darini. Bi. Sikudhani alikuwa anampimia mteja lastiki. Ni mwanamke mrefu wa miaka hamsini hivi, mikono mirefu, ushungi wa kijani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Zipu ya rangi gani?"

Nikamweleza kwamba ninatoka chama cha tenisi na ninaomba picha yake ya zamani kwa ajili ya kijitabu.

"Tenisi," alisema, kama mtu aliyetajiwa mtaa aliohama. "Kijitabu kinasemaje?"

Nilimpa karatasi ya yale maelezo ya Kiingereza. Akavaa miwani, akasoma taratibu, kidole kikifuata mstari. Kidole kikasimama.

"Hapa. His. His ya nani?"

"Ya Mzee Seleman, mama. Ujasiri wake wa..."

"Maana naijua. Nauliza ya nani."

"Ya kaka yako."

Mteja alilipa lastiki yake na kuondoka. Bi. Sikudhani akavua miwani.

"Ripoti ya Mzee Shaaban ilisemaje? Nisomee kwa Kiswahili."

Ninaijua kwa moyo. "S. Munir alishinda mchezo wa kwanza, sita nne, saba tano, akicheza kwa utulivu..."

"Simama. Katika Kombe la Jozi, mchezo wa kwanza ni wa nani?"

Nilijua. Kanuni za kombe nilizitafsiri mwenyewe mwezi wa kumi na mbili. Kila nchi mbili zinapokutana, wanawake hutangulia. Nilizitafsiri Jumanne, ripoti nikaimaliza Jumatano, na hazikukutana kichwani. Niliona S mbili, moja ya mwanamume na moja ya mwanamke, na mkono wangu ukaenda wenyewe. Hata sikusita. Ningesita ningekuwa na kitu cha kujivunia.

"Wa wanawake," nilisema.

"Haya."

Nilitaka kutoka, nikajikuta nimeegemea rafu ya zipu. Akanisogezea kigoda.

"Kaa, usije ukaniangukia dukani. Si wewe wa kwanza. Baba yangu alijua niko Kondoa kwa shangazi, najifunza ushonaji. Aliambiwa timu ya taifa inasafiri na Seleman yumo. Hakuuliza wengine ni kina nani; kwake timu ni wanaume. Jioni ile redio ikasema, Munir wa Tanzania ameshinda. Ameshinda. Baba akasikia mwanamume, kama wewe. Tulivyorudi, mbuzi kafungwa uani. Akachinjiwa Seleman. Majirani mpaka barabarani. Nikapika mimi."

"Hukusema, mama?"

"Niseme nilikuwa wapi? Na ile sketi niliyoishona mwenyewe niseme ni ya nani?"

"Na Mzee Seleman?"

"Alikula."

Alianza kuzungusha lastiki kwenye kadi yake, polepole.

"Unajua, kwa Kiswahili nilikuwa salama. Alishinda. Miaka yote hii hakuna aliyesema ni mimi, na hakuna aliyesema si mimi. Nikipita mtu akitaja ushindi wa Munir, nilikuwa naitikia moyoni. Wewe na Kiingereza chako ndio wa kwanza kuandika kwamba si mimi."

Nilisema nitarekebisha.

"Usiniahidi. Una sura ya mtu anayeogopa."

"Ndiyo mama."

"Uwanja siutaki, nitaupeleka wapi. Nataka hiyo his itoke. Picha sikupi."

Ijumaa, 6 Februari

Sikumwambia Katibu. Alikuwa na wageni.

Jumatatu, 9 Februari

Nimemwambia. Nilisubiri dada Anna aende benki, nikasimama mbele ya meza ya Katibu na kusema yote kwa mpangilio niliouandika kiganjani. Alisikiliza. Hakukasirika, na hilo lilinitisha zaidi.

"Mzee Seleman amesema nini?"

"Sijamuuliza, Katibu."

"Usimuulize. Uzio umeshafungwa upande wa mashariki." Alisimama akaenda dirishani. "Mechi ya kwanza ni ya wanawake. Ni kweli. Mimi pia nilisoma, na mimi pia sikuona." Kisha akarudi kuketi. "Meshack, umeniletea jambo la kweli wakati mbaya. Barua yako ya kuthibitishwa naiandika mimi, mwezi ujao. Nisingependa niiandike nikiwa na mawazo."

Nilisema, "Sawa, Katibu."

Nilijisikia nikisema.

Jumanne, 10 Februari

Jua. Kazi.

Ijumaa, 13 Februari

Mvua imerudi usiku. Asubuhi mtaro wa Msalato umefurika, nimevuka na viatu mkononi. Sawa, Katibu. Sawa, Katibu. Neno hilo linatembea nami.

Alhamisi, 19 Februari

Mfungo wa Ramadhani umeanza. Nilipita Barabara ya Sita, upande wa pili, nikamwona Bi. Sikudhani ndani anapanga nyuzi. Sikuingia.

Ijumaa, 27 Februari

Mvua siku ya nne mfululizo. Katibu alinituma viwanjani kupeleka rangi, nikamkuta ametangulia. Alikuwa amesimama peke yake katikati ya uwanja, mwavuli begani, anautazama mstari wa nyuma. Hakunisikia. Dada Anna aliwahi kusema kwamba kwa miaka mingi chama hakikuwa na ofisi, kikao kilifanyika sebuleni kwa Bwana Silvano na soda alinunua yeye. Nilikuwa nikimwona kama mlango uliofungwa. Leo nimemwona mtu anayeogopa kunyang'anywa kitu. Ningependa kumchukia, ingekuwa rahisi zaidi.

Nikasema, "Rangi, Katibu." Akashtuka.

Jumanne, 3 Machi

Leo niliingia dukani.

"Shikamoo mama. Poleni na funga."

"Marahaba. Umekuja kununua au kujieleza?"

Nilisema kununua. Akaniuliza nini. Nikasema vifungo. Vya nini? Vya koti. Akanitolea sahani nzima ya vifungo, akanichagulia sita vyeusi, akavifunga kwenye karatasi. Sina koti.

Jumapili, 8 Machi

Mama kapiga. Mahindi yamepona, yanabeba. Anauliza barua yangu inatoka lini, amewaambia watu wa kwaya waniombee. Nimesema karibu.

Alhamisi, 12 Machi

Nimeandika barua pepe kwa waandaaji wa Kombe la Jozi: jina libadilike, na his zote ziwe her. Mistari mitano. Imekaa hapo na sikuituma. Jioni niliifungua tena nikasahihisha mkato.

Jumatatu, 16 Machi

Bwana Silvano amerudi kutoka kwa mchonga vibao akiwa na furaha. Aliufunua mzigo mezani. Kibao cha kwanza kilisema UWANJA WA SELEMAN MUNIR. Kipya kinasema UWANJA WA S. MUNIR.

"Unaona? Nimelipia upya mwenyewe. Hakina uongo hata mmoja. Na siku ya shughuli wewe ndiye utakayesoma rekodi ya timu. Utasoma kwa Kiswahili, kama alivyoandika Mzee Shaaban, neno kwa neno. S. Munir alishinda. Nani atakukosoa?"

Nilisimama nikakitazama kile kibao. Ni kweli, hakina uongo. Nimesoma lugha hii miaka mitatu chuoni, nikaipenda kwa sababu haimuulizi mtu kwanza kama ni wa kike au wa kiume ndipo imwambie alichofanya. Sasa nimeona kwamba inaweza pia kumfunika mtu kama kanga juu ya kitanda.

"Asante, Katibu," nilisema. Na nilishukuru kweli. Hilo ndilo la aibu.

Jumanne, 17 Machi

Dada Anna aliniita kula naye ugali na mlenda, mara ya kwanza. Alisema, "Mdogo wangu, mimi sitakuambia usome nini. Mimi nina watoto watatu na kodi ya nyumba. Lakini nilikaa kwenye majaribio miaka miwili, siyo miezi. Ndiyo maana nacheka na kila anayeingia. Ulidhani nakucheka wewe?"

Nilisema hapana. Nilidhani hivyo kila siku.

Jumamosi, 21 Machi

Idi. Mtaa wote unanukia pilau. Jirani ambaye simjui jina amenigongea na sahani, akaondoka kabla sijavaa shati nimshukuru. Nimeiosha sahani, sijui ni ya mlango upi.

Jumanne, 24 Machi

Mzee Seleman amekuja kuangalia kibao. Katibu alikuwa viwanjani. Mzee alikisoma, akapitisha kidole juu ya ile S, akaketi.

"Hii S imepunguzwa," alisema.

"Ndiyo mzee."

"Umeenda kwa dada yangu."

"Ndiyo mzee."

"Akasemaje?"

Nilitafuta sentensi salama, nikaikosa. "Alisema yule mbuzi alimpika yeye."

Mzee Seleman alicheka. Alicheka hadi akakohoa, hadi dada Anna akamletea maji. Alipomaliza kunywa, uso wake haukuwa na kicheko tena.

"Alitia binzari nyingi," alisema. "Nilikula mbuzi mzima wa binzari." Akakirudisha kibao kwenye karatasi yake, akakifunga vizuri, ncha kwa ncha. Mlangoni alisimama. "Kila Idi nakwenda kumsalimia. Nakaa, nakunywa chai. Namngoja aseme. Hasemi. Juzi tena hakusema."

"Labda naye anangoja, mzee."

Alinitazama kama niliyemkanyaga mguu, akashuka ngazi.

Jumamosi, 28 Machi

Mvua haikunyesha. Anga lilisafishwa mapema, kila kitu kilionekana karibu, hata vilima. Turubai mbili, viti vya plastiki, watoto wa shule kwa mistari, mgeni rasmi kachelewa kidogo tu. Mzee Seleman alikaa meza kuu, suti ya kijivu. Niliangalia kila ushungi wa kijani kwenye turubai zote. Hakuja.

Katibu alinishika bega. "Neno kwa neno," alisema. Mkono wake ulikuwa wa baridi kuliko wangu.

Nikapewa kipaza sauti. Nilisoma safari ya kwanza, nchi tulizokutana nazo, matokeo. Watu walisikiliza kwa heshima ile wanayompa mtu anayesoma majina ya marehemu. Nilisoma safari ya pili. Nikafika Windhoek. Nikasoma neno kwa neno: S. Munir alishinda mchezo wa kwanza, sita nne, saba tano, akicheza kwa utulivu mkubwa.

Makofi. Watoto walipiga kelele. Mgeni rasmi akageuka akampa Mzee Seleman mkono, na Mzee Seleman akaupokea, akakaa ameushika mkono wa mtu bila kumtazama. Katibu alinitazama na kufumba macho, kama anayemaliza sala. Nilikuwa nimevuka. Nilichobakiza ni kurudisha kipaza sauti. Nilishaunyoosha mkono, mshereheshaji kashakishika upande wa juu.

Nikakivuta.

"Sikudhani," nilisema.

Sauti ilitoka ndogo, spika ikaikuza. Mshereheshaji hakuachia, tulikuwa tumekishika wote wawili.

"S. Munir huyo ni Sikudhani. Ni mwanamke. Mchezo wa kwanza ni wa wanawake. Niliandika vibaya mimi, kwa Kiingereza, na kosa ni langu."

Nilisikia turubai likipigwa na upepo. Nilisikia mtu nyuma akiuliza, "Kasema nani?" na mwingine akimjibu, "Yule mama wa zipu."

Mzee Seleman akasimama. Kiti chake kilianguka nyuma, hakukiokota. Nilidhani anaondoka. Alisimama tu, mikono chini, kama wanavyosimama wimbo wa taifa ukipigwa, na akasema bila kipaza sauti, "Ni kweli."

Wanafunzi wa kike ndio walioanza kupiga makofi. Wakubwa walifuata, baadhi yao. Katibu hakupiga. Alikuwa anautazama uzio.

Kibao kilifunuliwa kama ilivyopangwa. S. MUNIR. Kilipendeza. Nilikula pilau yangu nyuma ya turubai peke yangu.

Jumatatu, 30 Machi

Bwana Silvano aliniita saa tatu. Barua ilikuwa tayari mezani. Sijathibitishwa. Sijafukuzwa. Kipindi cha majaribio kimeongezwa miezi sita, "ili mtumishi aendelee kujifunza kufuata maelekezo."

"Uzio umebaki," alisema. "Nilidhani Mzee Seleman ataung'oa. Jana kanipigia anauliza kama langoni panahitaji kufuli." Akasaini. "Ungeniambia kwamba utasema."

"Sikujua, Katibu."

"Hilo naliamini," alisema.

Nilirudi mezani kwangu, nikaifungua ile barua pepe ya mistari mitano, nikaituma bila kuisoma tena. Mama nimemwambia barua imetoka. Sijamwambia inasemaje.

Jumanne, 31 Machi

Waandaaji wamejibu kwa mstari mmoja: wamebadilisha. Baada ya kazi nilikwenda Barabara ya Sita. Bi. Sikudhani alikuwa anaingiza ndani mabango ya zipu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nilikuambia uwanja siutaki."

"Ndiyo mama."

"Tangu Jumamosi simu hainyamazi. Hata shangazi wa Kondoa, mtu wa miaka tisini, anauliza mimi nilikaa kwake lini." Aliingiza bango la mwisho. "Walipiga makofi?"

"Walipiga."

"Wote?"

"Siyo wote."

"Nani hakupiga?"

"Katibu. Na wazee kadhaa wa mstari wa pili."

"Seleman?"

"Alisimama."

"Nimeuliza kama alipiga."

"Hapana, mama. Alisimama akasema ni kweli."

Nilimpa simu yangu, ukurasa wa Kombe la Jozi ukiwa wazi. Akavaa miwani. Kidole kikafuata mstari, kikapita pale kilipokwama siku ile, kikaenda hadi nukta.

"Her," alisema. Akanirudishia simu. Kisha akavuta kile kigoda, akakikalia mwenyewe, mimi nikabaki nimesimama kati ya nyuzi.

"Nilikuwa naongoza sita tano," alisema. "Yule msichana alikuwa hodari kuliko mimi, hilo ujue. Lakini alikuwa na haraka ya kumaliza, na mimi sikuwa na pa kwenda. Kila mpira nikaurudisha. Nikaurudisha. Akapiga mmoja ukagonga wavu, ukasimama pale juu, halafu ukarudi kwake. Mwamuzi akasema maneno yake. Nikajua imekwisha. Nikageuka nitafute wa kumwambia. Uwanja mzima, mtu wa nyumbani ni Seleman tu, na huyo alikuwa benchini ameinama, anafunga kamba za viatu, zamu yake ndiyo hiyo. Hakuona hata pointi moja, alikuwa anaogopa mechi yake. Nikasimama mbele yake. Akaniuliza bila kuinua kichwa, 'Umeshinda?' Nikamwambia, 'Nimeshinda.' Akaniambia, 'Basi nipe taulo.'"

Nilimuuliza kama alimpa.

"Nilimpa," alisema Bi. Sikudhani. "Tulikuwa nayo moja."